Rozela Iliyogeuka Kijani

Mwanamkuu alizaliwa Kariakoo, akaolewa Kariakoo, na ni mwaka wa kumi na nane sasa anauza juisi ya rozela, yale maua mekundu, pembeni ya soko. Wateja wanamwita Mama Twaha. Mwaka juzi alijaribu kutengeneza sabuni za mche, zikamtia aibu: jirani yake Najma alifulia kipande kimoja tu, mikono ikababuka. Mwanamkuu akaacha, miche iliyobaki akaisukumia uvunguni.

Asubuhi moja alikuwa anaosha vyombo vya biashara. Jagi moja alikuwa amelijaza maji ya magadi ili litoke mafuta. Bila kufikiri, akamwagia humo rozela kidogo iliyobaki jana. Wekundu ule ukawa kama zambarau, kisha ukageuka kijani, kama maji yaliyochemshiwa mchicha. Akafikicha macho. Akakamulia ndimu moja, ya pili, ya tatu, na wekundu ukarudi. Akatia magadi tena: kijani.

Hakungoja hata kuvua aproni. Alivuka barabara na jagi lake mkononi, akiwakwepa wasukuma mikokoteni, mpaka dukani kwa Falguni, binti aliyesomea kemia chuoni na sasa anauza malighafi za sabuni katika duka la baba yake.

"Shikamoo, Mama Twaha."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie hiki ni kitu gani, maana nikitia magadi rozela inakuwa kijani, nikikamulia ndimu inarudi nyekundu."

Falguni alitazama jagi, akatabasamu. "Rozela inakuonyesha asidi na besi. Ndimu, siki, ukwaju, hizo ni asidi, rozela inabaki nyekundu. Magadi ni besi, na ile kostiki ya sabuni ni besi kali zaidi. Hapo inageuka. Ukizichanganya, moja inapunguza nguvu ya mwenzake."

"Na ukali wake unapimwaje?"

"Kwa pH. Inaanzia sifuri mpaka kumi na nne. Saba ni katikati, kama maji safi. Chini ya saba ni asidi, juu yake ni besi. Lakini usidanganyike na hizo namba, mama. Kila hatua moja ni mara kumi. Kumi ina ukali mara kumi ya tisa."

Mwanamkuu akalitazama jagi lake. "Kwa hiyo ile sabuni yangu," alianza, hakumaliza. Alikuwa ameshageuka kurudi nyumbani.

Alivuta mche mmoja uvunguni, akaukwangua kwenye maji, akadondoshea rozela. Ikawa kijani, na baada ya muda ikawa njano kabisa. Falguni, aliyekuja nyuma yake na karatasi za kupimia, alichovya moja na kuilinganisha na rangi za kwenye pakiti.

"Kumi na tatu. Kostiki ilizidi. Ulipima kwa kutumia nini?"

"Kwa kikombe. Kwa macho."

Safari hii Mwanamkuu alinunua mizani ndogo. Alipima kostiki na mafuta gramu kwa gramu, akaiacha sabuni ikomae wiki nne, ingawa kila siku alikuwa akienda kuichungulia. Siku ya kuipima alichovya karatasi ya Falguni, akailinganisha na rangi za kwenye pakiti. Karatasi ikasema tisa, kiwango cha kawaida cha sabuni.

Akampelekea Najma kipande. Najma alikiangalia kwa muda, akanawa polepole, akasubiri, akaigeuza mikono yake huku na huku.

"Niwekee miche minne," alisema.