Kadi Niliyompelekea Aliyenifukuza Kazi

Mkasa huu watu wa kwetu Kikwe wanaujua, na wapo wanaousimulia vizuri kuliko mimi, tena kwa kunogesha, kwa hiyo bora niuseme mwenyewe na aibu yake yote, maana katika miaka yangu sitini na kitu sijawahi kujitafutia balaa kwa mkono wangu kama nilivyofanya siku nilipochapisha zile kadi.

Nilikuwa msimamizi wa pampu za maji kwenye shamba la maua, miaka kumi na tisa. Asubuhi moja afisa utumishi (kijana mpole, shati limenyooshwa kama la bwana harusi) akatuita watu watatu wa pampu, mimi, Anaeli na Ndelekwa, akatuambia zimekuja mashine zinazojiwasha zenyewe, tukabidhi buti na funguo, kesho tusije. Hakuna notisi, hakuna kikao, hata barua hakuna. Pale getini Anaeli akaniambia, "Kaka, hii si halali. Twende mjini tukafungue malalamiko kwenye ofisi ya usuluhishi wa kazi, ukipita mwezi hawatupokei." Nikamjibu, "Nendeni ninyi. Mimi nina heshima zangu." Heshima!

Nikafika nyumbani saa nne, Mama Elisante anakatia ng'ombe majani, akashtuka: "Baba Elisante, mbona mapema? Unaumwa?" Ningesema neno moja tu, nimefukuzwa, mambo yangeishia kwenye lile zizi. Badala yake nikasema, "Nimestaafu. Kwa hiari yangu, nimechoka kuamka alfajiri." (Nilikuwa na miaka hamsini na saba, umri unaoruhusu kabisa, kwa hiyo uongo ulinikaa kama koti langu mwenyewe.)

Mke wangu akafurahi, akawaambia kina mama wa kwaya, kina mama wakawaambia waume zao, na kabla wiki haijaisha mzee wa kanisa, Mzee Mbise, yuko sebuleni kwangu anasema, "Miaka yote hiyo umetoka salama, bwana, lazima utoe shukrani." Ningekataaje? Nikatoa mbuzi, nikaenda hadi senta ya Maji ya Chai kuchapisha kadi zenye ukingo wa dhahabu, zikisema familia yangu inakualika kwenye ibada ya shukrani kwa kustaafu kwangu kwa hiari. Hata hapo ningeweza kupona, lakini kiburi kikanituma nichukue kadi moja, niandike kwa kalamu yangu jina la yule afisa utumishi, nimpelekee mlinzi wa geti amfikishie. Nilitaka aone kwamba sikuvunjika.

Na akaja! Akakaa mbele, na baada ya ibada akala pilau, kisha kwenye mnada wa sadaka pale nje akanunua jogoo kwa bei ya juu, akanikabidhi mbele ya usharika mzima: "Tunampongeza mzee kwa uamuzi wake mzuri." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Sherehe ikaisha, sukari ikaisha, na Anaeli akarudi kwangu siku mbili kabla mwezi haujatimia; yeye na Ndelekwa walikuwa hawajaenda, wakinisubiri mimi msimamizi wao. Safari hii nikasaini fomu pamoja nao, kimyakimya, nikijiambia mjini ni mbali na kanisani.

Siku ya usuluhishi tukaingia chumbani, sisi watatu upande huu, afisa utumishi upande ule, na mama msuluhishi katikati. Afisa hakubishana. Akafungua faili, akatoa kadi yangu, akaisoma polepole kama somo la Jumapili.

"Mzee, kadi hii ni yako?" mama akaniuliza.

"Ni yangu."

"Na jina hili, mwandiko wa nani?"

"Wangu."

Afisa akasema, "Hatukumfukuza mtu, mheshimiwa. Msimamizi aliamua kupumzika, na hawa wawili wakaondoka naye kwa hiari."

Ndipo nikaelewa kwamba sikuwa nimejichimbia shimo mwenyewe tu. Ndelekwa alikuwa ameshamuuza ndama. Anaeli alikuwa anadaiwa ada ya shule. Haki zao zote zilikuwa zinafutwa na kadi yangu, na mimi niliyewasimamia nilikuwa nimekaa pale na koti nililovaa siku ya shukrani.

Mama akaniuliza, "Mzee, ulistaafu au ulifukuzwa?"

"Nilifukuzwa."

"Kwa hiyo kanisani ulidanganya?"

"Nilidanganya, mama."

Afisa akacheka: "Sasa tumwamini wa kanisani au huyu wa hapa?" Mama hakucheka. Akapanga siku nyingine, akasema nilete mtu wa kanisa anayeweza kueleza habari za ile kadi. Kwenye korido Anaeli akaniangalia akasema, "Kaka, kumbe ile pilau sisi hatukuila. Yenyewe ndiyo imetula."

Nilimweleza mke wangu jioni ile. Hakupiga kelele, alisema tu, "Ulinidanganya mimi kwanza, kanisa baadaye," akaendelea kumenya ndizi, na mpaka leo neno hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mzee Mbise naye akakubali kwenda mjini kwa sharti moja: nikaseme ukweli mbele ya watu walewale.

Jumapili, wakati wa matangazo, nikasimama, nikasema sikustaafu, nilifukuzwa pamoja na wenzangu, na nimewafanya mmshukuru Mungu kwa jambo ambalo halikutokea. Kisha bibi mmoja wa benchi la nyuma akauliza kwa sauti, "Na yule mbuzi tuliyemla, tumrudishe?" Jamani, walicheka! Hata mchungaji aligeukia ukutani. Nikacheka na mimi, na nilipokaa nilijisikia mwepesi kuliko siku ile ya jogoo.

Tuliporudi mjini Mzee Mbise alieleza yote, kuanzia sebuleni kwangu mpaka matangazo, kisha mama msuluhishi akamgeukia afisa: "Basi nionyeshe barua ya mzee ya kuomba kustaafu." Hakuwa nayo. "Na za hawa wawili?" Hakuwa nazo. Kabla ya mchana tulisaini makubaliano: malipo ya notisi, likizo ambazo hatukwenda, kiinua mgongo, na cheti cha utumishi kwa kila mmoja. Tulishuka ngazi watatu, na Anaeli, ambaye nilimcheleweshea haki yake kwa karibu mwezi mzima, akaniita tena msimamizi.

Ndama wa Ndelekwa hakurudi, na hilo ni langu. Lakini sitapamba tena jambo ambalo si aibu yangu. Siku hizi kijana akinipita njiani na "Shikamoo, mzee mstaafu," namsimamisha: "Marahaba, ila mimi sikustaafu. Nilifukuzwa, nikadai, nikalipwa." Mama Elisante anasema najivuna. Kweli, najivuna.