Kipa Mwenye Sura Yangu

Niseme mapema: stashahada yangu ya elektroniki niliipata Uchina kwa jasho langu, sikubebwa na mjomba wala shangazi. Nilirudi Bongo na masanduku mawili ya vifaa, na leo ukiuliza mtaani Gerezani, hapa Dar, fundi wa mashine za gemu ni nani, wataninyooshea kidole. Kwa hiyo ninachosimulia hapa hakinipunguzii kitu.

Jirani wa karakana yangu ni mama mmoja wa Kichaga aliyeacha kuuza vitenge Kariakoo akafungua banda la gemu. Gemu inayopendwa pale ni moja tu, ya mpira, toleo la zamani ambalo mafundi wa mjini tumelipachika timu za ligi yetu. Sheria ni ya mabanda yote: mshindi anabaki, aliyefungwa anapisha.

Jumamosi ile mama aliandaa shindano la mchana, maana banda jipya lilifunguliwa ng'ambo ya barabara na wateja walianza kuhamia.

"Mwanangu, leo wasiponogewa, nafunga," aliniambia.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mashine imepita mikononi mwangu. Sikumwambia kwamba asubuhi nilikuwa nimembandika kipa wa timu inayochaguliwa na wengi sura yangu mwenyewe, niliyoitoa kwenye picha ya mahafali. Nani mwingine Gerezani angeweza?

Mwanzoni walicheka.

"Fundi kajiweka golini!"

"Fundi, ruka basi!"

Kisha ikapigwa kona, na kipa hakuruka. Aligeuka, akaacha goli, akaja taratibu mbele mpaka uso wake ukajaa kwenye runinga. Mdomo ulikuwapo. Macho hayakuwapo. Nyuma yake mechi iliendelea, na mtangazaji akaendelea kusifia kama kawaida.

Dereva wa bajaji, mtu mzima mwenye kifua, akaweka chini pedi ya kuchezea. "Mimi napisha," akasema, na wala hakuwa amefungwa.

"Hii mashine imeingiliwa, kaka," akasema mwenzake, naye akainuka.

Nimeona gemu mpya zikiharibika vibaya zaidi, watu wanazama ardhini, magari yanapaa, tukacheka mpaka machozi. Hii ilitutisha kwa sababu tunaijua. Ni kama umsalimie mama yako mzazi shikamoo, akutazame tu, kisha aendelee kupepeta mchele. Hajakutukana. Ila utaanza kujiangalia mwenyewe, kama bado ni wewe.

Mama mwenye banda hakunifokea. "Baba, mtoe huyo mtu wako. Wananiondokea."

Ningeweza kuwaeleza kitaalamu: picha ilikuwa kubwa kuliko nafasi yake. Nilishafungua mdomo. Lakini wanne walikuwa tayari mlangoni, wanatazama ng'ambo ya barabara.

"Ni mimi niliyeiharibu," nikasema kwa sauti. "Hakuna jini hapa. Nipeni dakika kumi."

Nikaifuta sura yangu, nikamrudisha kipa wa zamani mwenye kichwa cha mraba. Nilimaliza kwa dakika nane, na hilo lijulikane.

Dereva wa bajaji akachukua pedi kwa vidole viwili, kama anashika sufuria ya moto. Kona ikapigwa. Kipa akarukia kushoto mpira ukiingia kulia, upuuzi wake wa miaka yote, na banda zima likalipuka kwa kicheko.

"Sogeeni huko kwenye benchi," mama akasema, "hawa wa mlangoni wakae."