Giaboksi Juu ya Jiko la Mama

Juzi niliacha sufuria tupu juu ya moto nikaenda kuongea na jirani mlangoni. Niliporudi, jikoni kulikuwa na harufu niliyoijua kabla sijajua kusoma: alumini iliyopata moto kupita kiasi, harufu kavu inayokwaruza koo kama vumbi la chaki. Sufuria haikuwa imebadilika rangi hata kidogo, lakini nilipoigusa kwa kijiko, tako lake lilibonyea kama uji ulioanza kuganda. Nikazima moto, nikakaa, na hasira ikanipanda. Si kwa ajili ya sufuria. Kwa ajili ya Mzee Gathogo, aliyekufa miaka mingi iliyopita. Mungu amsamehe kama anaweza. Mimi bado sijaweza.

Miaka ya sabini ilipokuwa michanga tulikaa Kawangware, upande wa Gatina, katika chumba kimoja cha udongo na mabati kwenye ploti ya huyo mzee. Baba alitunza bustani za watu huko Lavington, mtu mpole aliyeongea zaidi na maua kuliko alivyoongea na majirani. Mama ndiye aliyekuwa na kelele, na ndiye aliyekuwa fundi. Kuziba sufuria alijifunza kwa kaka yake, aliyekuwa na kibanda Makina kule Kibera, kisha akampita. Kwanza zilikuja sufuria na birika za mtaa mzima. Halafu siku moja fundi wa magari aitwaye Oduor, aliyefanya kazi chini ya miti karibu na soko, akaleta kifuniko cha pampu ya maji kilichopasuka, akasema kwa mzaha, "Mama Edina, hii nayo si ni sufuria tu?" Mama akakigeuzageuza, akasema, "Ni sufuria yenye kiburi. Acha hapo."

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikanuka mafuta ya taa. Mashine ya kuchomelea hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo, umeme ulikuwa bado haujafika mtaani kwetu. Mama alitumia jiko kubwa la makaa, matofali, tupa na spoki ya baiskeli aliyoinoa ncha. Alikusanya kabureta mbovu zilizotupwa, akaziyeyusha kwenye kopo na kuzimimina ziwe vijiti vyembamba, kwa sababu madini yale huyeyuka mapema, kabla alumini yenyewe haijalainika. Ufa aliuosha kwa mafuta ya taa, akauchimba kwa tupa mpaka ukang'aa, kisha akakipasha moto kipande kizima, polepole. Hapo ndipo penye hatari. "Chuma kina adabu," alizoea kusema. "Kikitaka kuyeyuka kinakuwa chekundu, kinakuambia. Alumini ni kama mgeni mwenye haya. Hasemi amechoka, unashtukia tu ameanguka." Kwa hiyo aliisugua kwa kipande cha sabuni. Sabuni ikigeuka kahawia, anajua moto umetosha. Kijiti kilipoanza kuyeyuka ndani ya ufa, alikwaruza chini yake kwa spoki, kwaru kwaru kwaru, kuondoa ngozi nyembamba inayozuia madini yasishikane. Mpaka leo sauti ile inanifanya nihisi njaa, maana jiko likiwa na kazi, chakula kilisubiri. Kuna siku wageni kutoka nyumbani Maragoli walipewa viazi vya asubuhi, vimepoa, kwa kuwa kichwa cha injini kilikuwa hakijaiva.

Mzee Gathogo hakuupenda moto ule. Alipita kila mara na fimbo yake, akisema ploti yake si garage na kwamba kazi ya mwanamke ni kupika chakula, si kupika magari. Mama alihamishia jiko uani, mbali na kuta. Hata huko, mzee alikunja pua.

Halafu pikapu yake ikagonga jiwe kwenye barabara ya Dagoretti. Ilikuwa pikapu ya Pijo, nyeupe, iliyobeba maziwa na sifa zake zote. Jiwe lilipasua kasha la giaboksi, mafuta yakamwagika barabarani. Garage moja ya mjini ilimwambia anunue giaboksi nyingine, na itabidi iagizwe ng'ambo. Pikapu ikakaa uani imefunikwa gunia, na mzee akawa anatembea kwa miguu kama sisi. Mwishowe akampa Oduor kazi ya kutafuta njia nyingine. Oduor alikuja kwetu na kasha limefungwa blanketi.

"Ya nani hii?" Mama akauliza.

Oduor akamwambia.

Mama akasema, "Kasha halijanikosea. Lete."

Kwenye ile kazi mimi nilipewa kupepea moto. Mama alitoboa kishimo kidogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia, akalifunika kasha kwa bati lililokunjwa ili joto lisitoroke, akanikataza kuongea. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu. Alipomaliza alilizika ndani ya majivu ya moto lipoe taratibu, na asubuhi akalijaza mafuta ya taa, akaliweka juu ya gazeti kavu. Tulilizunguka kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe. Hadi Baba anarudi kutoka kazini jioni, gazeti lilikuwa kavu vilevile. Mama aliimba wakati wa kusonga ugali, naye hakuwa mwimbaji.

Pikapu ikarudi barabarani. Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, nilimsikia Mzee Gathogo akiwasimulia wenye ploti wenzake jinsi kasha lake lilivyochomelewa mjini kwa mashine ya Mzungu, mashine kubwa kama chumba. Wale wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Nilimvuta Mama kanga. Akanikanyaga mguu.

Siku chache baadaye mzee alikuja uani, Mama akiwa anafanya kazi. Oduor alikuwa hapo, amekuja kuchukua kifuniko.

"Mama Edina," mzee akasema, "nimechoka na moshi. Mwezi ukiisha nataka chumba changu."

"Mzee, jiko nimetoa nje kama ulivyosema."

"Nimesema nataka chumba changu."

Nilikuwa mtoto wa kuchunga mdomo, lakini siku hiyo mdomo ulinishinda. Nikasema, mbele ya majirani waliotoka vyumbani kusikiliza, "Lakini gari yako ilitengenezwa na huu moto. Mama ndiye alitengeneza giaboksi yako. Hata Oduor anajua."

Nilimgeukia Oduor, ambaye alikuwa amekula ugali kwetu mara zisizohesabika. Aliangalia viatu vyake. Mzee Gathogo akaifuta fimbo yake kwa kiganja, akamwambia Mama, "Mwezi ukiisha," akaondoka.

Tulihamia Kibera, kwa mjomba. Mizigo yetu ilibebwa kwa mkokoteni, jiko likiwa juu kabisa, na mimi nililia njia nzima, si kwa huzuni bali kwa uchungu wa kukosa kuaminiwa. Niliamini kwamba kama mzee angejua ukweli, angeona haya. Kesho yake Mama aliwasha moto Makina, na wateja walimfuata. Pikapu ile niliendelea kuiona kwa miaka, ikipanda mlima na maziwa yake bila kudondosha tone la mafuta.

Nilipokuwa mtu mzima nilikutana na Oduor matangani. Alikuwa mzee, na bila kuulizwa alinishika mkono. "Siku ile sikumkana mama yako," akasema. "Nilikuwa nimeshamwambia Gathogo zamani kwamba ni kazi yake, siku niliyofunga giaboksi. Aliniambia nikifungua mdomo nisikanyage tena Gatina."

Nilienda moja kwa moja kwa Mama nikamwambia, nikidhani namletea habari. Alikuwa anachambua mboga, hata hakuinua macho.

"Mimi nilijua siku ile uani kwamba anajua," akasema. "Mtoto amwambie mtu mzima gari lake limepikwa kwa jiko, na yeye asicheke? Asiulize hata swali moja? Mtu asiyejua huuliza, Edina."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemwonea mzee huruma kidogo, nikisema moyoni, maskini, hakuniamini, hakujua. Nilidhani dhuluma ni kiza, ukiwasha taa inakimbia. Kumbe mzee alikaa mwangani, akauona mshono wa Mama, akaubebesha maziwa yake kila asubuhi, na kwa sababu hiyohiyo hakuweza kuvumilia kumwona aliyeushona akipita mbele ya mlango wake.