Klachi Iliyonukia Sangara

Siku ile sikumwamkia fundi. Alifika kwetu Igombe saa moja asubuhi akitokea Mabatini, mzee wa umri wa marehemu baba yangu, na mimi badala ya kumpa shikamoo yake nikamwambia, "Klachi yako haishiki."

Alikuwa ameifunga mpya jana yake. Trekta alilotuachia baba lilitoka uani vizuri na kwenda barabarani vizuri, lakini nilipoliingiza kwenye jaruba la mpunga la mama na kushusha plau, injini ilinguruma huku magurudumu yamesimama. Nikiongeza mafuta, zinaongezeka kelele tu. Na ziwani wingu lilikuwa limekaa tangu alfajiri. Mvua kubwa ikishajaza jaruba, trekta haliingii tena, litazama. Mama ana goti bovu, na alishasema trekta likishindwa atalima mpunga wake kwa jembe la mkono. Mama yangu akisema neno kama hilo hatanii.

Fundi alichuchumaa, akaibonyeza pedali kwa kiganja. "Pedali haina mchezo wa kutosha," alisema. Akanieleza kwamba pedali lazima itembee kidogo bila kusukuma kitu, la sivyo pleti ya klachi haibanwi sawasawa. Akalegeza nati, akapima, akakaza. Mimi nilikuwa nalizunguka trekta, mara nitazame ziwani, mara nimtazame yeye. Kumngoja mtu afanye kazi taratibu kunaniwasha mwili mzima, ndivyo nilivyoumbwa. Tukajaribu, likateleza. Akakaza tena, likateleza tena.

Hapo ulimi ukanitoka. "Labda umeifunga nyuma mbele, mzee. Labda macho yamechoka." Nilisema hivyo mbele ya majirani waliokuja kuuliza zamu zao za kulimiwa. Mzee alifuta mikono kwenye kitambaa.

"Washa," alisema. "Shusha plau, tia gia, na usizime mpaka nikwambie."

Nikawasha. Injini ikanguruma palepale tuliposimama. Kitambo kidogo fundi akainua uso, akanusa, akasogea karibu, akanusa tena.

"Binti, nani anakaanga samaki?"

Hakukuwa na aliyekaanga kitu. Jiko la mama lilikuwa mbali na halikuwa na moto. Harufu ya sangara ilitoka chini ya trekta, na kabla mzee hajainama kuchungulia, mimi nilishajua.

Kwetu kila chuma hupakwa mafuta ya sangara. Baba aliyanunua soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, akayaweka kwenye kopo la rangi, na kila Jumapili jioni alipaka majembe, mapanga, mpaka bawaba za mlango, kwa kuwa alisema hewa ya ziwani inakula chuma. Alipofariki nilirithi kopo na mazoea yake. Pleti ya klachi niliinunua Mkuyuni miezi mitatu kabla ya msimu, na kwa kuogopa kutu nikaipaka pande zote mbili, nikaifunga kwenye kipande cha kitenge. Siku ya kuifunga kwenye trekta niliifuta mpaka ikang'aa, nikampa fundi nikijiona mtunzaji hodari. Kumbe ule utando wa kahawia, ndio unaoshika, ulikuwa umekunywa mafuta, na sasa joto la kuteleza lilikuwa linayatoa.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria kunyamaza, sisemi uongo. Kisha nikamwambia yote, majirani wakisikia.

"Mbona hukusema jana?" aliuliza.

"Nilidhani nimeitunza."

Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Alichukua spana zake, tukalitenganisha trekta kwa mara ya pili, injini huku na gia boksi kule, saa nzima na nyingine juu yake. Aliosha pleti kwa petroli, akaipiga msasa, akaiosha tena. Mimi nilikwenda mpaka kwenye matete ya ziwa na kurudi, nikaenda tena na kurudi. "Kaa chini," mama aliniambia. Sikukaa. Wingu lilikuwa limeshafunika visiwa.

Saa tisa klachi ilishika. "Gia ya kwanza tu," fundi alinionya. "Mafuta hayajatoka yote. Ukilikimbiza, litakataa." Basi mimi, nisiyeweza hata kungoja chai ipoe, nikalima jaruba la mama kwa mwendo wa ng'ombe aliyeshiba, nimeng'ata meno, mguu ukitamani kukanyaga. Nilikuwa nimefika nusu mvua ilipoanza. Mistari miwili baadaye magurudumu ya nyuma yakaanza kuzama, fundi akanipungia mkono nitoke.

Nilishuka nikamwendea, maji yakitutiririka wote wawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema, na akarudi kukusanya spana zake.

Mama alikuwa ameshatoka nyumbani na jembe begani. Alikuja akichechemea, na chuma cha jembe kiling'aa mvuani kwa mafuta niliyokipaka Jumapili iliyopita. Nikalishika nimpokee. Hakuliachia.

"Baba yako alipaka majembe, mwanangu," alisema. "Klachi hakuipaka."

Akapandisha kanga magotini, akaingia topeni upande ule ambao sikuufikia.