Msumari Ndani ya Shingo ya Gitaa

Ndani ya shingo ya gitaa la baba kulikuwa na msumari wa mashua. Niliuona ukitolewa katika kibanda cha fundi pale Ukunda, Jumatatu asubuhi: mrefu kama kidole changu cha kati, wenye pembe nne, umezungushiwa pamba iliyogeuka nyeusi. Harufu ya mafuta ya papa ilijaa kibandani.

Fundi, mtu wa bara aliyepata kupiga gitaa katika hoteli za Diani, alijifunika pua kwa fulana.

"Mama, hii gitaa mlikuwa mnavulia samaki?"

Sikucheka. Nilikaa juu ya spika mbovu, nikamwomba anipe ule msumari.

Nilikuwa nimelipeleka kwa sababu shingo ilikuwa imelala mbele na nyuzi zimeinuka, hazibonyezeki. Baba ana maradhi ya viungo. Kila mwezi vidole vyake vinazidi kukaza, naye anataka kulipiga tena kabla havijakataa kabisa. Fundi alitoboa tundu dogo penye kiungio, akapitisha mvuke kwa mrija ili gundi ya zamani ilainike. Gundi haikuwapo. Yalichuruzika mafuta, kisha akakutana na msumari.

Nyumbani tulikua tukijua habari moja. Baba alipokuwa kijana alipiga gitaa katika bendi ya hoteli, na babu, fundi wa mashua huko Msambweni, mtu wa swala tano, hakulitaka nyumbani kwake. Siku moja babu alilibamiza kwenye nguzo ya baraza, shingo ikatoka. Baba akahama. Mwenzake wa bendi alilichukua, akalirejesha baada ya wiki mbili limeungwa, akasema kuna fundi hodari Mombasa. Baba hakukanyaga tena kwa babu. Siku ya maziko alisimama ng'ambo ya barabara mpaka watu wakatawanyika.

Mimi nilikuwa nikipelekwa kwa babu wakati wa likizo. Mafundi wote wa pale waliizungushia misumari pamba yenye mafuta kabla ya kuigongomea, maji yasipenye. Babu peke yake ndiye aliyemalizia kwa fundo dogo karibu na ncha. Nilimfungia mingi kwa mikono yangu. Fundo hilo lilikuwa kwenye msumari wa gitaa.

Nilimkuta baba barazani akijikanda vidole.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Amelimaliza?"

Nikampa msumari ndani ya karatasi. Aliunusa kabla ya kuutazama.

"Umeutoa wapi huu?"

"Ndani ya gitaa."

"Gitaa la nani?"

"Lako, baba."

"Langu liliungwa Mombasa."

"Litazame hilo fundo."

Akalitazama. Akaiweka karatasi pajani.

"Yule bwana tulikula sahani moja mpaka anakufa," akasema baadaye, akimkusudia mwenzake wa bendi. "Sahani moja. Na kila nikimwuliza, Mombasa."

Nilimpa na maneno ya fundi, kwani hayakuweza kungoja. Mti umekunywa mafuta, gundi haitashika. Ama achonge sehemu yote aliyoifanyia kazi babu, atie mti mpya, nyuzi zirudi chini. Ama aurudishe msumari vilevile, na gitaa libaki lisilopigika kwa vidole kama vya baba.

"Mwambie angoje," baba akasema.

Ni wiki ya tatu sasa. Fundi hunipigia simu: "Mama, nichonge ama niwache?" Gitaa liko kwake, shingo huku, mwili kule. Baba huketi na msumari kiganjani, na kila nikimtajia fundi huniuliza kama nimeswali.

Leo asubuhi kidole chake cha pete hakikukunjika, hata alipokisukuma kwa mkono wa pili. Nilimwuliza tena nimjibu nini fundi. Akauhamishia msumari mkono wa pili, akaniuliza kama nimeswali.