Udi Katika Bomba la Hewa

Watu wakisikia kwamba naendesha mtambo wa joto na baridi, hucheka kwanza hapo kwenye joto. "Joto, Malindi? Mnaliongeza?" Huwaeleza kwamba chuo ninakofanya kazi kina jiko la kulisha mabweni na chumba cha kufulia mashuka, na vyote viwili vinataka maji ya moto, kwa hivyo tuna boila. Lakini boila hainipi shida. Kazi yenyewe ni baridi. Nyuma ya karakana kuna nyumba ya mtambo. Humo mashine kubwa zinapoza maji, pampu zinayasukuma kwa mabomba ya chini ya ardhi, na juu ya paa la kila jengo kuna sanduku la chuma lenye feni. Sanduku hilo linavuta hewa kutoka vyumbani, linaipitisha kwenye mabomba ya maji baridi, kisha linairudisha. Baridi ikiwapo, hakuna anayekujua. Ikikosekana, kila mtu anakujua wewe na mama yako.

Aliyenijua kuliko wote alikuwa mkuu wa maktaba.

Ni mama wa makamo ya juu, wa ukoo wa zamani wa mjini, wale wenye maduka na mashamba. Buibui lake halikuwa na kunyanzi hata moja na Kiswahili chake kilikuwa vivyo hivyo. Matusi yake yalitoka yamefuliwa na kupigwa pasi. Mimi ni Mgiriama, natoka ndani, upande wa Magarini. Shamba tulikolelewa tulililima bila hati, na kila mtu kwetu alijua hati iko kwa nani: iko kwa ukoo wake. Babu yangu alikuwa mkwezi wao. Alipanda minazi yao, akaangua nazi zao, akazipeleka mjini nyumbani kwao na kusimama mlango wa uani mpaka mtu atokee. Mara moja nilifuatana naye. Nakumbuka tulivyosimama. Nilipoajiriwa chuoni sikujua kama yule mama ana habari mimi ni nani. Mimi nilikuwa nayo ya kututosha sote wawili.

Siku ya kwanza niliingia ofisini kwake kukagua matundu ya hewa, nikasema, "Shikamoo, mama."

Akatazama miguu yangu. "Viatu hivyo vina mafuta. Usinikanyagie zulia."

Nikamwamkia tena mara kadhaa siku zilizofuata, nikidhani huenda hakusikia. Kisha nikaacha. Pwani, mtu mdogo akiacha kumwamkia mkubwa wake, huo si usahaulifu, ni tangazo. Alilielewa. Tangu hapo tukawa tunapishana kwenye korido kama watu wawili waliosimama pande mbili za ukuta mmoja.

Halafu Ijumaa zikaanza.

Kila Ijumaa, kabla ya adhuhuri, sanduku la hewa la maktaba lilizimika lenyewe. Ndani ya bomba kubwa linalovuta hewa kuna kihisi cha moshi. Kikinusa moshi kinasimamisha feni, ili moto ukitokea chumba kimoja, mtambo usije ukausambaza moshi jengo zima. Feni ikisimama haijiwashi. Ni lazima mtu apande juu ya paa, ahakikishe hakuna moto, aiwashe kwa mkono. Mtu huyo ni mimi. Nami nikifika paani sikuona moto wala moshi, upepo wa bahari tu na kunguru.

Wakati huo maktaba ilikuwa imeshageuka tanuri. Madirisha yake ni vioo visivyofunguka, yaliyochorwa na mtu ambaye nadhani hajawahi kulala Malindi mwezi wa Machi. Simu yangu ingelia.

"Fundi, vitabu vyangu vinatoka jasho."

"Ninakuja, mama."

"Umekuwa ukija tangu mwezi uliopita. Hebu siku moja ufike."

Bosi wangu, injinia, alikuwa mtu wa bara aliyeletwa kusimamia karakana. Hakunichukia mimi hasa. Alikuwa na mtu wake aliyefanya naye kazi kwingine na alitaka huyo aipate nafasi yangu. Kwa hivyo kila mtambo ulipozimika alifurahi kidogo, nami nilikuwa naiona ile furaha.

"Naona mtambo wako unakwenda msikitini," aliniambia mbele ya wenzangu wote. "Ijumaa haufanyi kazi."

Wakacheka. Wengine hawakuwa na sababu ya kucheka, lakini bosi akifanya mzaha hauangaliwi ubora wake.

Nikafanya kama nilivyofundishwa, kuanzia kilicho rahisi kwenda kilicho kigumu. Nikasafisha kihisi, maana chumvi ya bahari huingia kila mahali. Ijumaa ikaja, kikaizima feni. Nikakibadilisha, nikafunga kipya. Nacho kikaizima. Nikakagua umeme, nyaya, na zile skrubu ndogo ambazo kutu hula hapa kwetu kama mchwa. Nikamwuliza askari wa mlangoni kama wanafunzi wanavuta sigara chooni. Akanitazama kama nimemtusi. Injinia akaniita.

"Mkataba wako unaisha mwisho wa muhula," akasema. "Maktaba ikizimika tena, sitautia sahihi. Sisemi kwa ubaya."

Alisema kwa ubaya. Nina watoto wawili shuleni na mke anayeuza mahamri, na kazi ya mtambo kama ule haipatikani tena mpaka Mombasa. Nikatoka nikiwa nimekunja ngumi mfukoni.

Jumatatu nikalifungua lile sanduku la paani nikatoa vichujio vya hewa, vile vitambaa vinene vinavyonasa vumbi. Nikakiweka kimoja magotini nianze kukipiga piga, na hapo nikanusa. Ilikuwa Jumatatu, lakini kile kitambaa kilinuka Ijumaa.

Ilikuwa harufu ya udi. Udi wa hali ya juu, wa makaa, si hivi vijiti vya kuchoma. Nilikaa pale nikijitukana. Mimi na kila mtu katika jengo lile tulikuwa tumeinusa wiki baada ya wiki na hakuna aliyeinusa. Mji huu siku ya Ijumaa nguo zinanuka udi, madukani kunanuka udi, mtu akikupita anakuachia udi. Ukitafuta kitu kisicho cha kawaida, hutatafuta hicho. Mgeni angeigundua siku ya kwanza.

Ijumaa iliyofuata sikungoja simu. Nikaenda maktaba mapema, nikapanda mpaka ofisi ya mkuu. Mlango ulikuwa umefungwa. Nje alikaa msichana wa mapokezi, anakula karanga.

"Ngoja," akaniambia. "Mama anajifukiza."

"Anajifukiza?"

"Mtandio. Na chumba. Si kila Ijumaa kabla ya sala?"

"Na hamkuniambia?"

"Hukuuliza." Akatafuna. "Na wewe ni mtu wa hapa hapa, kaka. Huna pua?"

Juu ya dari, ile ngurumo ya hewa ambayo watu huwa hawaisikii ikanyamaza. Feni ilikuwa imesimama. Hapo ndipo watu huisikia. Msichana akatazama dari, akanitazama, karanga ikabaki mkononi.

Mlango ukafunguka. Akatoka na buibui lake, na nyuma yake, juu ya meza, chetezo cha udongo kilikuwa bado kinatoa uzi wa moshi, unakwenda moja kwa moja kwenye tundu la hewa lililo juu ya kiti chake.

"Ni wewe," nikasema. "Wiki zote hizi natukanwa mimi, kumbe ni wewe."

"Ni mimi nini?"

"Unayeuzima mtambo. Moshi wako."

Akautazama ule moshi kwa utulivu, kama mtu anayeoneshwa paka wa jirani. "Huu ni udi. Bibi yangu amefukiza, mama yangu amefukiza, na hakuna nyumba iliyozimika. Kama mashine yako haiwezi kutofautisha udi na moto, ipeleke shule."

"Nitasema kwa wakubwa."

"Kaseme." Akaweka mtandio sawa. "Na ukisema, sema vizuri. Nyie hamwishi kuuma maneno."

Nikasema. Mkutano ulikuwa alasiri ileile, ofisini kwa naibu mkuu wa utawala. Tulikuwa wanne: naibu, injinia, mkuu wa maktaba na mimi. Nilikwenda na kile kichujio ndani ya mfuko wa nailoni. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote. Nikaeleza kihisi, nikaeleza moshi, kisha nikakitoa kichujio na kukiweka mezani ili wakinuse wenyewe.

Injinia akakivuta, akakigeuza, akapitisha kidole juu yake. Kidole kikatoka cheusi.

"Ndiyo hii unapeleka hewa ya watu?" akasema. "Tazameni uchafu huu. Halafu ananiambia mambo ya moshi."

"Kinuse."

Akanusa. "Nini hii, dawa ya mbu?"

Naibu ni mtu wa pwani, wa Mambrui. Alijua kabisa ile harufu ni ya nini, ilikuwa imejaza chumba. Akainamisha macho kwenye meza na kuanza kuipanga kalamu yake sambamba na ukingo. Nikaelewa kwamba nimekwisha. Ushahidi wangu ulikuwa mezani na umegeuka kuwa kosa langu, na mtu pekee aliyeweza kusema neno hakuwa tayari kulisema mbele ya mama wa ukoo ule.

Akalisema mama mwenyewe.

"Huo ni udi wangu," akasema mkuu wa maktaba. Hakuniangalia. "Simsemei huyu. Nasema kwa sababu sijawahi kujificha kwa nilichokifanya, na sitaanza kwa ajili ya feni. Nafukiza kwa sababu hewa mnayonipelekea inanuka kama nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye beseni. Nimelalamika. Sasa kila Ijumaa nitoke niende kusali nikiwa nanuka beseni?"

Hapo alisema kweli, na ilinichoma kwamba alisema yeye. Chini ya yale mabomba ya baridi kuna sinia la kukinga maji yanayotona, na sinia lile lilikuwa limeota ukungu. Niliomba dawa ya kulisafishia na vichujio vipya. Injinia alisema tungojee.

"Niliomba dawa," nikasema.

Injinia akakohoa. Naibu akaacha kupanga kalamu.

"Sasa hicho kidude cha moshi," akauliza, "hakiwezi kuzimwa siku ya Ijumaa tu?"

"Hapana," nikasema. "Maktaba ni karatasi tupu na madirisha hayafunguki. Siku moto ukitokea, feni itawamwagia wanafunzi moshi kichwani. Mwingine akizime, si mimi." Nikamtazama injinia. Injinia akatazama ukuta.

"Basi tafuta njia," naibu akasema. "Mama asibughudhiwe, maktaba isizimike. Ukiipata, mkataba wako hauna neno. Usipoipata, injinia ataleta mtu atakayeipata."

Njia ilikuwepo, na nilitamani isingekuwepo. Tundu la hewa la ofisi yake lina kilango cha bati. Ukikifunga wakati anafukiza, moshi hauingii bombani. Dirisha lake dogo la pembeni ndilo pekee lifungukalo jengo zima, moshi ungetokea hapo, kisha kilango kingefunguliwa. Ni kazi ya muda mfupi. Inataka ngazi tu.

"Mama anaweza kukifunga mwenyewe," nikasema. "Nitamwonesha."

Akasimama, akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe akaniangalia usoni.

"Mimi sipandi," akasema. "Kwetu kupanda ilikuwa kazi ya babu yako."

Kumbe alijua. Alijua tangu siku ya zulia.

Basi kila Ijumaa nikawa nabeba ngazi mimi, nakwenda kukifunga kile kilango. Mkataba wangu ulitiwa sahihi. Mtu wa injinia hajaja mpaka leo, na injinia mwenyewe sasa huniamkia mbele ya watu. Dawa ya kusafishia ilipatikana haraka ya kushangaza baada ya mkutano ule. Nikalikwangua lile sinia mpaka likang'aa, nikabadilisha vichujio vyote. Hewa ya maktaba sasa hainuki kitu. Nimeinusa kila chumba, chake nikakirudia.

Ijumaa ya kwanza baada ya usafi ule nilipeleka ngazi ofisini kwake kama kawaida, nikavua viatu mlangoni. Makaa yalikuwa tayari mekundu ndani ya chetezo. Nikadhani naweza kuumaliza mvutano wetu.

"Harufu imekwisha, mama," nikamwambia. "Nimesafisha. Huna haja tena ya kufukiza humu."

"Najua," akasema. "Niliona tangu Jumanne."

Akafungua kikopo kidogo cha bati, akachagua kipande cha udi, akakishika juu ya makaa bila kukiachia. Akangoja. Msichana wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni anatutazama kwa zamu. Juu, feni ilikuwa inanguruma.

"Panda," akasema mkuu wa maktaba.

Nikapanda.