Nilivyojifunza Maana ya Kupotosha

Aibu hii nimeificha miaka mingi, lakini kwa kuwa jamaa zangu huisimulia kila harusi na kila mara wanaongeza chumvi, afadhali niiseme mwenyewe, mnicheke mara moja yaishe.

Ilikuwa miaka ya tisini, nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya msingi karibu na Masara, na wiki hiyo nilikuwa nimewafundisha darasa la saba kitenzi kupotosha, nikaandika ubaoni "kumwelekeza mtu kusiko", nikatoa mfano mmoja, nikafuta ubao, nikajiona nimemaliza (kumbe somo lenyewe lilikuwa linaningoja Jumamosi). Jumamosi hiyo mdogo wangu Odhiambo alikuwa anakwenda kumposa Atieno, kwao nje kidogo ya Mbita, na mshenga ni mimi. Safari ya kwanza mvua ilituzuia, na babake Atieno, mzee Ogutu, akatuma neno kwamba tukikosa na hii ya pili tusijisumbue tena. Odhiambo hakula siku mbili kwa wasiwasi. Mimi nilikula vizuri tu, maana kwa Ogutu nilishawahi kufika mara moja.

Tulikuwa saba kwenye pikapu ya kukodi. Kwenye njia panda mjomba Okech akasema, "Mwalimu Ouma, si tuulize huyu mama anayeuza samaki wa omena?"

"Mjomba, huku napajua kama kiganja changu."

Kabla sijamaliza kujisifu, gari jingine likasimama, wanaume wenye makoti kama sisi, wakaniuliza kwa mzee Okelo ni wapi. Okelo mimi simjui, sijawahi hata kumsikia, lakini watu wangu walikuwa wananitazama, basi nikanyoosha mkono kushoto: "Shikeni hiyo, boma la pili, lenye ua wa mnyaa." Wakanishukuru sana. Sisi tukashika kulia.

Boma tulilofika lilikuwa na ua wa mnyaa (maboma yote ya huko yana ua wa mnyaa, hilo nililikumbuka baadaye), na akina mama wakatupokea kwa vigelegele. Sasa mnajua mambo ya ukweni: huulizi maswali, hutaji majina ovyo, unakaa na adabu zako, unakula kwanza, maneno baadaye. Tukala. Kuku, samaki, ugali wa mtama, na mimi nikaomba mchuzi mara ya pili. Ndipo mwenye boma akamwita binti yake aje awasalimie wageni wake.

Binti akatutazama mmoja mmoja. "Baba, hawa siwajui."

"Hata mimi huyu simjui," Odhiambo akasema, jasho likimtiririka.

"Kwani nyinyi mmekuja kwa nani?" mzee akauliza.

"Kwa mzee Ogutu."

"Ogutu ni kule kushoto. Mimi ni Okelo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na mchuzi wangu. Njiani tukapishana na lile gari likirudi, wenyewe wanachokonoa meno, na mmoja akaninyooshea kidole: "Ndiye huyu!" Lakini hawakutukana sana, shibe ilikuwa imewazidi.

Kwa Ogutu tulikuta sufuria zimeshaoshwa. Mzee hakuinuka. "Wageni wangu wamekula, wakaenda. Nyinyi ni akina nani?"

Nikamwona mdogo wangu anafuta machozi kwa kofia yake, na hapo moyo uliniuma kweli. Nikasimama. "Mzee, hawa hawakupotea. Ni mimi niliyewapotosha, hawa na wale." Ndipo nikakielewa kile kitenzi, maana kupotea unaweza kupotea peke yako, lakini kupotosha lazima uwe na watu waliokuamini.

Halafu mama Atieno akaangua kicheko huko jikoni, mzee akajikaza, akajikaza, mabega yakaanza kumtikisika. Akakubali tukae, kwa sharti moja: mshenga abadilishwe. Mjomba Okech akamaliza maneno, mimi nikiwa nje na dereva.

Odhiambo na Atieno wana watoto wanne sasa. Mimi tangu siku ile mtu akiniuliza njia namwambia sijui. Juzi mgeni mmoja alisimama langoni kwangu akauliza kwa Mwalimu Ouma ni wapi, nikamwambia amuulize jirani.